Nilirudi Nyumbani na Ndala za Somo Yangu

Nina miaka arobaini na nne, ni mjane na mama wa watoto watatu, na ninalima mwani katika kijiji kimoja upande wa Msimbati, mkoani Mtwara. Jina langu ni Zuhura. Ndugu wasomaji, mlishike hilo jina, maana ndilo lililonipa rafiki kuliko ndugu wa tumbo moja, na ndilo linalonichoma leo kila ninapoitwa.

Nimesoma mikasa mingi ya wenzangu. Waume waliotoroka, marafiki waliopindua nyumba za watu, wachawi… Wa kwangu hauna mume wala mchawi. Una ndala tu. Jozi moja ya ndala za kijani. Je, mtu anaweza kumpoteza mtu kwa ajili ya ndala? Nisikilizeni kwanza, halafu mnihukumu.

Nilipokuwa na miaka kumi na minne, jirani yetu Bi Mwanahawa alipata mimba iliyomlaza kitandani. Mama yangu akanituma niwe ninamchotea maji kisimani. Nilichota miezi minne, asubuhi na jioni. Alipojifungua mtoto wa kike aliniita ndani, akanipakatisha yule mtoto mapajani na kusema, "Huyu ni wewe. Nimempa jina lako." Tangu siku hiyo mimi na yule mtoto tukawa somo, watu wa jina moja. Kijiji kilituita Zuhura Mkubwa na Zuhura Mdogo, lakini sisi wenyewe hatukuitana hivyo hata siku moja. Aliniita somo, nami nikamwita somo.

Kwetu somo si jambo la mchezo. Alipochezwa unyago doti yake ya kwanza ya kanga ilitoka kwangu. Alipoolewa nililia kuliko mama yake. Alipoachika akarudi na binti yake mdogo mkononi, mimi ndiye niliyemwingiza kwenye kikundi chetu cha mwani. Vitu vyetu havikuwa na mpaka. Sufuria yangu ililala kwake wiki nzima, kanga yake niliivaa arusini bila kuomba. Chake changu, changu chake… Kumbukeni na hilo.

Kikundi chetu kilikuwa na wanawake ishirini na wawili wa kuingia majini, na wengi wetu hatujui kuogelea. Msitucheke. Tumezaliwa pwani, ni kweli, lakini kwetu kuogelea ni mambo ya wanaume. Mwanamke anaingia baharini maji yakikupwa na anatoka kabla hayajajaa, basi. Maji ya magotini hayaui mtu, ndivyo tulivyoamini.

Kisha mradi mmoja ukatuletea mafunzo ya usalama kazini kwa watu wanaofanya kazi majini. Mwalimu alikuwa binti wa watu mwenye miaka isiyofika thelathini, Mwalimu Neema, mtu wa bara, aliyekulia kando ya ziwa. Alikuja na buti za mpira na msalaba mdogo shingoni. Tulimteta pembeni kwamba huyu wa maji baridi atatufundisha nini sisi wa maji chumvi. Mimi ndiye niliyeanza kumteta.

Alitufundisha siku tatu. Alituonyesha kusoma jedwali la maji kujaa na kupwa. Alitulaza chali majini mmoja mmoja tujue mwili wa mtu unaelea ukiacha kupapatika. Alichora kwa kijiti mchangani jinsi mkondo unavyojaa kabla ya fungu, lile tuta la mchanga katikati ya maji, kwamba ukisimama kwenye fungu unaona maji bado yako kwenye vifundo vya miguu, kumbe nyuma yako, njia uliyopitia, yameshafika kifuani. Halafu akatugawia majaketi ya kuelea ishirini na mawili, mapya, rangi ya chungwa. Tulipiga vigelegele. Tulizoea kuwaona vijana wa visima vya gesi kule Mnazi Bay wakipita na majaketi na kofia ngumu. Siku ile na sisi tukajiona watu wa kampuni.

Shida ilikuja siku ya tatu. Mwalimu alisema, "Kabla ya kuingia majini, hesabuni watu. Mkitoka, hesabuni tena. Namba zisipolingana hakuna anayekwenda nyumbani."

Bi Mwanahawa, ambaye umri ulishamtoa majini lakini alikuwa mlezi wetu, akakohoa.

"Mwanangu," alisema, "watu hawahesabiwi. Wanaohesabiwa ni mbuzi. Mimi nimezaa, lakini mtu akiniuliza nina watoto wangapi namjibu wapo, alhamdulillahi. Ukimhesabu mtu unampunguza."

Wote tukaitikia kwa vichwa. Ndivyo tulivyolelewa, kwamba ukiwataja wanao kwa namba unakaribisha mkosi. Mwalimu Neema alijaribu kueleza kwa upole na wanawake wakazidi kujifunga kanga. Hapo ndipo ujanja wangu uliponiponza. Mimi nilikuwa katibu, na katibu hakosi neno. Nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, tuhesabu ndala."

Nikaeleza kwa madaha. Majini tunaingia na raba kuukuu au soksi kwa sababu ya miiba, ndala zetu tunaziacha mchangani kwa mstari. Ndala zikiwepo, kuna mtu majini. Ndala zikiisha, wote wametoka. Hakuna aliyehesabiwa na hakuna aliyekoseana na mila. Wanawake wakapiga makofi. Bi Mwanahawa akanishika mkono mbele ya mgeni, akasema, "Huyu ndiye niliyempa mwanangu jina lake."

Nilivimba kichwa! Mwalimu Neema peke yake hakucheka. Aliniambia, "Dada Zuhura, ndala haizami. Anayezama ni mtu." Akatuachia ubao wenye misumari na vibao vidogo vya namba, kila mtu na chake. Ukiingia unatundika, ukitoka unatundua. Akaniteua mimi kuwa msimamizi wa usalama, na nikamwahidi kwa mdomo wangu huu.

Wiki ya tatu vibao walishavichukua watoto wakachezea duka. Ubao ulikuwa jikoni kwangu, ninakatia nyanya. Mwalimu alikuwa akipiga simu kutoka mjini, "Dada, mnahesabu?" Nami nikijibu, "Tunahesabu mwalimu, kila siku." Uongo ulinitoka bila kigugumizi. Kwani hatukuwa tunahesabu? Tulihesabu ndala.

Na majaketi? Niliyaweka nyumbani kwangu ndani ya viroba. Chumvi ingeyapausha, na wageni wa mradi wangekuja wakute nini? Mtasema mimi mtu wa ajabu, lakini nani kati yenu hana kabati la vyombo vya wageni? Somo yangu aliniuliza mara mbili, "Somo, yale majaketi hatuyavai?" Mara zote mbili nilimwambia asubiri wageni waje. Alikuwa hanibishii. Tangu utoto hakuwahi kunibishia.

Siku yenyewe ilikuwa ya bamvua, maji yamekupwa mbali, jua kali. Tuliingia wote. Kwenye saa tano simu ikalia kwenye mfuko wa nailoni niliouning'iniza shingoni. Alikuwa Mwalimu Neema. Alisema kesho yake angekuja na wageni wawili kutupiga picha tukiwa kazini na majaketi yetu.

Majaketi yalikuwa kwenye viroba tangu masika, yananuka uvundo. Yalitakiwa yaanikwe yaonekane yanavaliwa. Nilipanga hata kuyakanyaga kidogo mchangani yapoteze upya. Basi nikamkabidhi filimbi Bi Hadija, mama wa makamo, mtu wa neno moja, asiyejua masihara. Nilimwambia, "Saa sita ipulize. Ndala zikiisha, ondokeni."

Nilipofika mchangani nikavaa ndala zangu, hatua ya tatu mkanda ukakatika. Mchanga ulikuwa wa moto na njia ya kwetu ina miiba. Nikatazama mstari. Pembeni ya nafasi yangu, kama kila siku, zilikuwepo ndala za kijani za somo yangu, ya kushoto mkanda wake umefungwa kwa kamba ya bluu, ile tunayofungia mwani. Nikazinyanyua juu, nikamwita. Alikuwa mbali kabisa, karibu na mkondo, ameinamia kamba zake. Akainua kichwa akanipungia mkono. Mpaka leo najiambia kwamba aliniruhusu.

Nikavaa. Zile zangu mbovu nikazitupa kichakani… Laiti ningeziacha kwenye mstari! Ndala mbovu, iliyokatika, ingetosha kumwambia Hadija kwamba bado kuna mtu. Hadija mwenyewe alikuwa amenipa mgongo, yuko mbali. Nani anarudi majini kwenda kueleza habari ya ndala? Nikaenda zangu.

Nyumbani nilitandaza majaketi yote kwenye kamba ya kuanikia nguo. Ishirini na mawili. Yalipendeza juani, nikawa ninaimba.

Yaliyotokea kule niliyajua baadaye, kipande kipande. Kamba moja ya mwani ya somo yangu ilichomoka, ikachukuliwa hadi ng'ambo ya mkondo, kwenye fungu. Akaifuata. Maji ya mkondo yalikuwa ya magotini. Saa sita Hadija akapuliza filimbi mara tatu, lakini upepo ulikuwa unatoka baharini na sauti haikufika kwenye fungu. Wanawake wakatoka, kila mmoja akavaa ndala zake. Mmoja akauliza, "Zuhura Mdogo je?" Hadija akatazama mchangani, akaona hakuna kitu. Akasema, "Ndala zake hazipo. Ameondoka na somo yake." Na wakaondoka. Walifanya nilivyowafundisha, neno kwa neno.

Alasiri Bi Mwanahawa alikuja kwangu akiwa amemshika mjukuu wake mkono. Mimi nilikuwa bado nageuza majaketi.

"Somo yako yuko wapi?"

"Si yuko nyumbani, mama?"

"Angekuwa nyumbani ningekuja kukuuliza?"

Tulikwenda kwa Hadija, nyumba ya tatu. Tulimkuta anamenya muhogo. Alisema, "Nilipuliza mara tatu. Ndala zake hazikuwepo, nikajua ameondoka na huyu." Akaninyooshea kisu chake cha muhogo.

Nikatazama chini. Kamba ya bluu…

Wasomaji, nilikuwa bado nimezivaa. Hakuna mwingine aliyetazama chini. Bi Mwanahawa alikuwa ameshaanza kukimbia kuelekea pwani, Hadija nyuma yake na kanga ikimdondoka. Na mimi nilifanya nini? Nilisema ninachukua simu. Nilirudi nyumbani, nikazivua zile ndala, nikazitia kwenye kiroba, nikakisukuma uvunguni. Halafu nikakimbilia pwani peku, nikipiga mayowe kuliko wote.

Maji yalikuwa yamejaa hadi kwenye majani. Wanaume wakashusha mitumbwi. Mmoja akaniuliza, "Yale majaketi yenu ya mafunzo yako wapi?" Tukayatoa kwenye kamba, yamekauka, yana joto la jua. Wakayavaa kwenda kumtafuta. Siku hiyo ndiyo mara ya kwanza yale majaketi kulowa maji ya bahari.

Tulimpata kesho yake maji yalipokupwa, ukingoni mwa mikoko. Soksi zake zilikuwa bado miguuni. Kiroba chake cha mwani kilikutwa kule kwenye fungu kimefungwa vizuri kwenye kigingi. Hata maji yanapanda alikuwa bado anatunza mwani.

Hapo ningesema. Hapo, kabla ya sanda. Lakini niliogopa. Sikuogopa jela, niliogopa macho ya Bi Mwanahawa. Nikajiambia nitasema baada ya mazishi. Baada ya mazishi nikajiambia baada ya siku ya tatu. Uoga hauna siku ya mwisho.

Kwenye ofisi ya kijiji Hadija aliulizwa mara nyingi. "Wallahi ndala hazikuwepo," alijibu kila mara. "Kama hazikuwepo, ziko wapi?" waliuliza. Mwenye jibu alikuwa amekaa naye mkeka mmoja, amemshika bega, anamfariji. Nilimshika bega… Nilimwambia, "Jikaze dada, Mungu anajua."

Siku ya tatu ya msiba Bi Mwanahawa alisimama mbele ya waombolezaji akasema, "Hadija, mwanangu ulimwacha ukaukimbilia muhogo wako." Neno hilo lilimmaliza. Watu wakaacha kuitikia salamu zake. Wanawake wakakataa kuweka ndala zao karibu na zake. Haukupita muda akafunga mizigo, akahamia kwa dada yake kule Ufukoni, Mtwara mjini. Nilimsindikiza hadi kituoni. Nilimbebea na ndoo.

Kisha Bi Mwanahawa akaanza kuzitafuta ndala. Kila asubuhi alitembea ufukweni, ameinama, fimbo mkononi. Alisema, "Mwanangu aliziacha nchi kavu. Nikiziona nitajua alivulia wapi. Nitakaa hapo." Watu walimwonea huruma wakasema achwe. Mimi nikawa ninamsindikiza.

Ndiyo, mmesoma vizuri. Nilimsindikiza mama wa watu kutafuta ndala zilizokuwa uvunguni mwangu! Bahari inaleta ndala nyingi, nilikuwa ninaziokota moja moja, "Mama, hii?" Naye ananijibu kwa upole, "Hapana mwanangu. Zake zina kamba ya bluu." Nikirudi nyumbani silali, chakula hakipiti. Watu wakasema, tazama Zuhura Mkubwa anavyokondeshwa na msiba wa somo yake. Nikasifiwa hata kwa hilo.

Baada ya arobaini Mwalimu Neema alirudi. Alikuwa amekuja mazishini akalia hadi tukamshika sisi. Safari hii alikuja na daftari. Alituita wote ufukweni, Bi Mwanahawa akiwemo, akasema, "Sitafuti mkosaji. Natafuta kosa, tulizibe." Akatuomba kila mmoja asimame alipokuwa siku ile, na tupange ndala zetu mchangani kama tulivyozipanga.

Tukapanga. Mstari ukawa na pengo pale penye nafasi ya Hadija, na pengo jingine pembeni yangu. Mwalimu akatembea taratibu, akiandika. Alipofika kwangu akauliza, bila ubaya wowote, "Dada Zuhura, wewe ndala zako siku ile ziliwekwa wapi?"

"Hapo."

"Na ulipoondoka saa tano ulizivaa?"

"Nilizivaa. Zikakatika."

Akaandika. Akainua macho. "Sasa ulikwendaje nyumbani?"

Swali dogo. Ningejibu peku, na lingepita. Nilifungua mdomo niseme peku. Lakini Bi Mwanahawa alikuwa amekaa mchangani mbele yangu, ananitazama kwa macho ya mtu anayeniamini, na ulimi ukagoma. Nikageuka, nikaenda nyumbani. Hakuna aliyenifuata. Nikakivuta kile kiroba kutoka uvunguni, nikarudi nacho, nikakimwaga mbele ya miguu ya yule mama.

Bi Mwanahawa alizichukua zile ndala, akaipitishia kidole gumba ile kamba ya bluu, akarudia tena. Nilisubiri anitukane. Nilisubiri fimbo. Aliniuliza jambo moja tu.

"Ulikuwa unazitafuta na mimi?"

"Ndiyo, mama."

"Kila asubuhi?"

"Kila asubuhi."

Akainuka, akajikung'uta mchanga, akaondoka nazo kifuani. Nilipiga magoti palepale. Mwalimu Neema aliacha kuandika, akakaa chini amefunika uso kwa daftari lake. Kisha nikamweleza yote, uongo wa simu, ubao wa nyanya, majaketi ya wageni. Nikaenda ofisi ya kijiji nikarudia yaleyale na yakaandikwa.

Mnafikiri nilipata nafuu? Nilipata aibu kwanza. Wanangu walizomewa njiani. Nikaenda Ufukoni kwa Hadija. Nilimkuta uani anaosha vyombo. Nilimweleza nikiwa nimesimama, maana hakunikaribisha. Hakuacha kuosha. Nilipomaliza alisema, "Siku ile nilisema hazikuwepo. Ulikuwa umekaa ubavuni kwangu. Ulinishika bega."

"Nisamehe, dada."

"Nimekusamehe kwa mdomo," alisema. "Moyo ukifika nitakwambia." Akamwaga maji ya vyombo karibu na miguu yangu, akaingia ndani. Hajaniambia hadi leo, na kijijini hajarudi.

Kikundi kilikaa kikao cha kunifukuza. Nilikubali kabla hawajasema. Ndipo Bi Mwanahawa, ambaye hakuwa amenisemesha neno tangu siku ile ya ufukweni, akafika akisaidiwa na fimbo yake. Aliwaambia, "Msimfukuze. Huyo akifukuzwa atapumzika. Mimi nataka ahesabu."

Wanawake wakatazamana. Mmoja akasema, "Ndala tena, mama?"

"Watu," alijibu. "Kwa sauti. Kwa kidole. Nami nitakuwepo."

Yule yule aliyesema watu hawahesabiwi! Aliongeza maneno ambayo siwezi kuyasahau. "Nilikataa wanangu wasihesabiwe wasije wakapungua. Amepungua hivyo hivyo, tena bila mtu kujua."

Basi hiyo ndiyo kazi yangu sasa, wasomaji. Mwani silimi tena. Nasimama ufukweni na filimbi shingoni na jedwali la maji mkononi. Wanawake wanaingia na majaketi yao, yamepauka, yana chumvi, mabaya kabisa kutazama, na kila nikiyaona mabaya hivyo roho yangu inatulia kidogo. Hatukodoi macho mchangani. Ndala wanaziacha popote wanapotaka.

Ninyi mnaofanya kazi majini, iwe baharini, mtoni, ziwani au kwenye mashamba ya chumvi, nawasihi mimi niliyeungua. Mkipewa jaketi livaeni lichakae. Mkifundishwa jambo msilipindishe ili lifanane na mazoea yenu halafu mkajisifu kwa akili. Msimdanganye mwalimu kwenye simu, maana hamumdanganyi yeye. Hesabuni watu, msihesabu vitu vyao. Na ukikosea, sema siku hiyohiyo, mchanga ukiwa bado una moto. Mimi nililifanya kosa langu kwa dakika moja nikiwa na haraka. Yaliyofuata niliyafanya siku arobaini nikiwa na akili zangu timamu, na hayo ndiyo yanayonitoa usingizini.

Bi Mwanahawa huwa ananitangulia ufukweni. Anakaa mahali palepale ndala zilipokuwa, amezivaa, za kijani, zinampwaya. Hatusemeshani. Saa ya kutoka ikifika ninapuliza filimbi, ninanyoosha kidole na kuanza, moja, mbili, tatu… hadi kumi na tisa. Kumi na tisa waliingia, kumi na tisa wametoka. Ninageuka nimwambie wote wapo.

Naye bila kunitazama ananiambia neno lile moja analoniambia kila siku.

"Rudia."

Nami ninarudia.